Kujitengenezea Vitu Butembo na Beni: Ufundi wa Nyumbani na Haya Zake

Katika vitabu vidogo vya namna hii tumezoea kusoma juu ya mahari, juu ya ngoma, juu ya kilimo na juu ya majina ya watoto. Ni vizuri. Lakini kuko desturi moja ambayo kila mtu wa Butembo na wa Beni anaiishi kila siku, na hakuna anayeiandika: desturi ya kujitengenezea vitu. Mtu wa kwetu gari ikizimika, anafungua kapo yeye mwenyewe. Nyumba ikivuja, anapanda juu yeye mwenyewe. Redio ikinyamaza, anatafuta turnavisi mbele ya kutafuta fundi. Tunajisifu sana kwa jambo hilo, na wageni wanatusifu pia. Lakini sifa ni nusu tu ya historia. Nusu ingine ni makosa, na makosa tunayaficha kama vile mtu anaficha shati iliyopasuka chini ya koti.

Sisi tunaoandika ni mwalimu wa sekondari. Tunafundisha fizika, na diploma yetu ni ya chuo cha walimu, si ya garaji. Tutaeleza kwanza desturi hii ilitoka wapi, kisha tutaeleza makosa, ya wengine na yetu wenyewe. Kuko moja kati ya hayo ya kwetu ambayo tulikwisha kuisema kwa midomo mbele ya majirani, lakini kuiandika, hapana, hatujapata kuiandika mupaka leo.

Zamani za wakubwa, nyumba ilikuwa ya miti na udongo, na juu ni majani. Ikiharibika, watu wa kilima kimoja walikuja, wengine wakakata miti, wengine wakakanyaga udongo kwa miguu, wamama wakaleta maji, na mwenye nyumba akapika. Kosa halikuwa na bei kubwa. Ukuta ukipinda, unaongeza mti. Majani yakivuja, unaongeza majani. Tena kosa halikuwa la mtu mmoja, kwa sababu kazi haikuwa ya mtu mmoja. Hii tunaomba msomaji aishike vizuri, maana haya ya kukosea peke yako ilikuja nyuma, pamoja na misumari na manjanja.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, ile wazee wanaita MGL, iliweka makao yake Butembo. Ikaja na magari, na mashini, na mahali pa kuvitengeneza. Ndipo vijana wa kwetu waliingia garaji kwa mara ya kwanza, kama boyi wa kupitisha vyombo. Mzungu anasema kle ya kumi na tatu, boyi anatoa kle ya kumi na tatu. Kijana mwenye macho makali, nyuma ya miaka mitatu ao mine, alijua kufungua moteri yote na kuifunga tena. Lakini kitabu cha mashini, chenye kueleza juu ya nini chuma hiki kiko hapa na si pale, kilibaki ndani ya ofisi. Alijua ginsi ya kufanya, hakupewa sababu. Alipozeeka akamfundisha mtoto wake vilevile, kwa kuonyesha. Kwa mawazo yetu, makosa mengi tutakayoeleza hapa yanatoka pale pale: mkono unajua, lakini haukuelezwa.

Kisha ilikuja tarehe 30 Novemba 1973, siku Raisi Mobutu alitangaza zairianizasio. Maduka, mashamba ya kahawa na garaji za Wabelgiji na Wagiriki zikapita mikononi mwa watu wengine, na wengi kati yao hawakuwa na desturi ya biashara ile. Katika miaka iliyofuata vyombo vya gari vilianza kukosekana. Filtre moja ilioshwa na esanse ikarudishwa, ikaoshwa tena, ikarudishwa tena, mupaka karatasi yake ikawa kama kitambaa cha mama mjane. Ni wakati ule watu wa nchi nzima walizoea kusema juu ya Artikle 15, yaani sheria isiyoandikwa katika katiba yoyote: jitegemee, ufanye ginsi unavyoweza.

Kwetu Artikle 15 ilipata sura yake. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo tangu 1966 mupaka 1997, alihimiza sana watu wajijengee barabara, mashule na vituo vya afya bila kungojea Kinshasa. Wafanyabiashara wa Butembo nao walichanga kwa kutengeneza njia zilizowaletea mali. Serikali ilikuwa na salongo yake ya lazima, lakini hii ilikuwa kitu kingine, mtu alitoka na jembe kwa sababu alijua kama hatatoka, kabichi zake na viazi vyake vitaoza njiani. Ule moyo wa barabara uliingia pia ndani ya nyumba. Mtu aliyejenga daraja na majirani zake, utamwambiaje kwamba haezi kutengeneza dinamo?

Kwa upande wa umeme, kampuni ya serikali haikuleta waya Butembo kwa miaka yote ile, ingawa mji ulikua mupaka ukawa na mamia ya maelfu ya watu. Watu waliishi na gurupe, yaani mashini ndogo za esanse. Kule Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, Parke ya Virunga ilifungua mtambo mdogo wa maji mwaka wa 2013, na katika miaka ya karibuni umeme wa maji umefika sehemu fulani za Butembo kupitia makampuni ya watu binafsi. Lakini mtu mwenye miaka arobaini leo alikulia katika sauti ya gurupe. Bila sauti ile hatukujua kusoma usiku.

Basi tuanze na nyumba, na tuanze na aibu yetu.

Mwaka wa 2005, tukiwa bado mwalimu kijana, wazazi wa shule walichanga kwa kuongeza vyumba viwili vya masomo. Tangu migomo ya mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi ndio waliokuwa wanalisha shule, na hata leo, ingawa shule ya msingi imetangazwa bure tangu Septemba 2019, kwa sekondari mzazi bado anatoa. Feza zilitosha kwa matofali, mbao na manjanja, lakini hazikutosha kulipa fundi wa kupanda juu. Tukasema: walimu tuko sita, vijana, wenye nguvu, wenye diploma. Tukapanda siku ya posho.

Tulifanya makosa mawili. La kwanza: tulianza kupanga manjanja kutoka juu, kwenye mgongo wa nyumba, tukishuka. Ilionekana ni akili, kwa sababu mtu anayeshuka anakanyaga mbao tupu na haharibu manjanja. Lakini ukianza juu, lile la chini linakuja kulala juu ya lile la juu, na kila mahali pa kuungana panakuwa mdomo uliofunguliwa ukitazama mvua. La pili: tulipiga misumari kwenye bonde la manjanja, si kwenye mgongo wake. Tunaomba msomaji asituchekelee haraka. Kwenye bonde manjanja inagusa mbao, musumari unaingia vizuri, unasikia mlio mzuri. Kwenye mgongo manjanja inabonyea, musumari unayumba. Mkono unakuambia piga bondeni. Lakini maji yanapita wapi? Yanapita bondeni. Tulitoboa mto.

Mvua ilinyesha siku ya tatu yake, saa ya hesabu. Watoto walisogeza mabanko, wakasogeza tena, mwishoni wakasimama wote pembeni kama kuku. Mwashi mmoja mzee, aliyekuwa amefanya kazi kwenye majengo ya mapadri siku za ujana wake, aliitwa. Akapanda ngazi, akaangalia, akashuka. Hakucheka. Akauliza mmoja wetu:

«Mwalimu, maji inapandaka ao inashukaka?»

«Inashukaka, papa.»

«Bon. Manjanja iko inajua ile. Weye njo haukuiuliza.»

Tulitoa manjanja yote. Matundu ya bondeni tuliyaziba na gudroni na vipande vya shambre ya pine, na mpaka leo ukiingia katika vyumba vile wakati wa jua kali utaona nyota tatu ao ine juu ya ubao. Mzee ndiye aliyetufundisha kukata vipande vya mviringo katika sandale za zamani na kuviweka chini ya kichwa cha musumari. Kitu kama kile hakikuwa katika masomo yetu ya chuo.

Kuna makosa mengine ya nyumba ambayo ni ya kawaida, tutayapita haraka. Watu wa nyumba za mbao wanapaka mafuta machafu ya moteri kwenye ukuta, juu ya mchwa na mvua, na ni dawa nzuri. Lakini kuko wenye kupaka jioni na kuegemeza ukutani godoro. Kuko wenye kuchimba choo juu ya kilima na kisima chini yake. Na kuko wenye kutoa maji ya paa lao yote kwa jirani wa chini. Butembo ni mji wa vilima, na mvua moja inatosha kumchimbia jirani korongo. Kosa hili la mwisho si kosa tu, ni kesi, na kesi zake ziko nyingi.

Tuje kwa magari.

Mtu anayetoka Goma kuja Butembo anapita Rwindi, kisha anapanda Kabasha mupaka Kanyabayonga. Mashofere wazee hawaogopi sana kupanda. Wanaogopa kushuka, na kamiyo imejaa maharagi na viazi. Hapo freni zinapata moto. Sasa, katika miaka ya shida, mafuta ya freni yalikuwa bei kali ao hayakuwako, na watu wakatafuta kitu cha kuweka mahali pake. Wengine waliweka maji yenye sabuni. Inafanya kazi! Ndiyo ubaya wake. Ukikanyaga pale mjini, gari inasimama, unafurahi, unasema wazungu wanatuibia feza na vichupa vyao. Lakini mafuta ya freni yanachemka kwa digri mia mbili na zaidi, na maji, kwa urefu wa Butembo ambao unapita mita 1.700, yanachemka karibu digri 94 tu. Katikati ya Kabasha maji yanageuka moshi, moshi unabonyea, na pedale inashuka mupaka chini kama mtu anayekanyaga sifongo. Hapo shofere hana kitu ingine isipokuwa vitesi na Mungu. Wengine waliweka mafuta ya moteri, na yale yanavimbisha mipira ya ndani mupaka freni haziachi tena. Tulisikia hata mtu aliyejaribu mawese, asubuhi ya baridi ya Butembo. Kila mama wa jikoni angemwambia kwamba mawese inaganda.

Tunaeleza hesabu ile ya digri kwa wanafunzi wetu kila mwaka, na wanaishika kuliko somo lolote lingine, kwa sababu kila mmoja ana mjomba ao baba mdogo aliyeshuka Kabasha.

Lakini kujua somo si kujua kazi. Shemeji yetu wa Beni alikuwa na Toyota ya zamani, na fizibile ya taa ilikuwa inakatika kila mara. Tulikwenda kumtembelea wakati wa konje. Tukasema: kitu kidogo. Tukachukua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, tukaikunja, tukaifunga juu ya fizibile. Taa zikawaka. Shemeji akatuita «inzhinyere» mbele ya watoto wake, na hatukukataa. Katika safari ya kwenda Oicha, usiku, moshi ulianza kutoka chini ya volani. Fizibile kazi yake ni kufa kwanza ili waya usife, na sisi tulikuwa tumeikataza kufa. Tulivuta waya wa batri na mikono, tukaungua vidole viwili. Wiki mbili mbele ya pale tulikuwa tumefundisha somo la fizibile, na maswali yake mawili yalikuwa katika mtihani.

Kwa upande wa pikipiki, kuko kosa la kizazi. Zile Yamaha AG 100 za mapadri na za miradi ya maendeleo zilikuwa za moteri inayokunywa mafuta pamoja na esanse. Zilipokuja pikipiki za Kihindi na za Kichina zenye moteri ya namna ingine, ambayo mafuta yake yanakaa chini peke yake, watu wa zamani walizidi kuchanganya mafuta ndani ya esanse kwa mazoea, na pikipiki ikatoa moshi kama jiko la matofali. Na wale vijana waliozoea pikipiki mpya, walipopata gurupe ndogo ya Tiger ambayo inaomba mafuta ndani ya esanse, karibu kipimo kimoja kwa hamsini, wakaweka esanse tupu. Pistoni ikaganda nyuma ya masaa machache. Huyu anatia mahali si pake, na yule anaacha mahali pake. Kila mmoja alikuwa anafuata vizuri sana kile alichofundishwa na chombo chake cha kwanza.

Magari mengi ya kwetu yanapita Uganda, ambako wanaendesha kwa mkono wa kushoto, na yanafika Kasindi na volani kuume, wakati sisi tunaendesha kwa kuume. Kuko waliojaribu kuhamisha volani wenyewe. Tuseme tu kwamba gari lililohamishwa volani nyuma ya nyumba, na mabomba ya freni yaliyoongezwa na vipande, hatupandi tena.

Kuhusu chukudu, hiyo ni ushindi safi, na tunaipa sifa yake yote. Goma waliiwekea sanamu mwaka wa 2009. Mbao ya eukaliptusi, magurudumu ya mbao yenye kuvikwa mpira, na freni yake ni kipande cha pine kinachokanyagwa na kisigino. Angalia: aliyeitengeneza chukudu hakuiga kitu ambacho hakukielewa. Kila sehemu anaijua sababu yake. Ndiyo maana ikivunjika hata mtoto anaitengeneza, na haitengenezi vibaya.

Tangu Oktoba 2014 mambo haya yalibadilika rangi upande wa Beni. Tangu mauaji yalipoanza, njia ya Beni kwenda Eringeti, ya Mbau kwenda Kamango, na nyuma yake hata ya Beni kwenda Kasindi, zikawa njia ambazo mtu hataki kusimama. Magari yalianza kwenda kwa msafara na waaskari, na msafara haungojei mtu ambaye pampu yake ya mazutu imefungwa na waya. Zamani kuharibikiwa porini ilikuwa hadithi ya kuchekesha: mulilala, mulipika, mulipata rafiki. Sasa mashofere tunaowajua wanafungua kapo mbele ya safari na kuuliza wazi wazi: nani aligusa hapa? Alifanya nini? Swali lile zamani lilikuwa matusi. Wanatuambia kwamba siku hizi mekanisie anayeficha kosa lake hapewi tena gari.

Sasa tuandike ile tuliyosema kwamba hatujaandika.

Ilikuwa mwaka wa 2009, majira ya mvua, Butembo. Wezi walikuwa wanaiba gurupe katika viwanja. Jirani mmoja alikuwa ameibiwa yake ikiwa inawaka: alisikia tu ukimya. Sisi tulikuwa na Tiger ndogo, ya kununua kwa mishahara ya miezi mingi. Tukaiingiza katika jiko la nyuma, lenye mlango mmoja ulioungana na nyumba na dirisha moja tulilokuwa tumelifunga na gunia juu ya baridi. Bomba la moshi tulilielekeza kwenye tundu la ukuta. Kwa macho yetu ilikuwa kazi safi. Tulitengeneza hata ubao wa kuikalisha ili isitikisike.

Jioni ile mama mjane wa kiwanja cha karibu alituletea sombe, kama alivyofanya mara nyingi, kwa sababu watoto wetu walikuwa wanamchotea maji. Tukala. Watoto wakasoma, sisi tukasahihisha mitihani, mvua ikanyesha, milango yote imefungwa. Karibu saa tatu ya usiku mtoto wa kike akasema kichwa kinamuuma. Akatapika. Kaka yake alilala juu ya daftari, na mama yao alipotaka kumwinua, magoti yake yakakataa. Sisi tulisikia kama kichwa kimejazwa pamba, na hatukufikiri kitu chochote. Ile ndiyo inayotutisha hata leo: hatukufikiri kitu.

Kilichotuokoa ni umaskini. Tulikuwa tumenunua chupa moja tu ya esanse kwa kadhafi wa njia panda. Ikaisha. Taa ikazima. Tukafungua mlango kwenda kutafuta ingine, tukaanguka katika tope, na mvua na hewa vikaturudishia akili kidogo, ikatosha kupiga kelele. Majirani wakabeba watoto mupaka kituo cha afya. Wote wanne tulipona.

Muuguzi alituuliza usiku ule: «Muliwasha makala ndani ya nyumba?» Tukajibu hapana. Ilikuwa kweli, hatukuwasha makala. Kisha watu wakauliza: mulikula nini? Tukasema sombe. Sombe ya nani? Tukasema.

Wasomaji wa kwetu wanajua neno lililofuata, hatuna haja ya kulieleza. Neno lile, sumu, halihitaji shahidi. Siku ya pili mchana sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kuelewa. Tulisimama mbele ya jiko, tukaona tundu la ukuta ni dogo kuliko bomba, tukaona moshi mweusi umepaka ukuta wa ndani. Mwaka mzima tunaandika ubaoni kwamba kitu kikiungua bila hewa ya kutosha kinatoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu, inashika damu mahali pa oksijeni, na inaleta kichwa, kutapika na kulegea, kama vile mtu aliyekula kitu kibaya. Tulijua mupaka formula yake. Tukaondoa gurupe, tukaosha ukuta. Hatukusema kitu.

Juu ya nini? Kwa sababu mwalimu wa fizika kukaribia kuua watoto wake na moshi, mtaani wataimba. Tulijiambia kwamba maneno yatapita. Vijana walipoanza kupita mbele ya nyumba ya mama yule na kutupa mawe juu ya manjanja, tulisema «muache, ndugu, hatuna hakika», na tulijiona watu wema. Hatuna hakika! Sisi peke yetu katika mtaa ndio tulikuwa na hakika. Nyuma ya wiki mbili alifunga mlango akaenda kwa binti yake Beni.

Miezi ine ilipita. Mama wa watoto wetu ndiye aliyesema mwishoni kwamba hawezi tena kuchota maji akipita mbele ya mlango ule. Tukapanda gari kwenda Beni, kilometa kama 54, na hatukumbuki njia ile. Tulimkuta anachambua maharagi. Tukamweleza yote, mupaka tundu na gunia. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema:

«Mwalimu, mie niliiona ile waya ikitoka ku jiko. Nilijua kesho yake asubui. Lakini nani angeniamini mie, akaacha kukuamini weye?»

Tuliomba arudi. Alisema atarudi kama tutasema mbele ya watu, si kwake tu. Basi mbele ya mkubwa wa mtaa na majirani, siku ya mungu nyuma ya misa, tulileta ile Tiger, tukaiweka katikati, na tukaeleza kama somo. Wengine walicheka, na kicheko kile hakikutuua. Vijana wawili kati ya wale wa mawe walitazama chini. Mmoja alisema wazi kwamba mwalimu amepewa kitu ili aseme hivyo, na mpaka leo haamini. Kosa tulilolificha miezi ine halikukubali kuondoka lote kwa siku moja.

Paa la mama lilikuwa limetobolewa na mawe mahali pengi, na manjanja mbili hazikufaa tena. Tulinunua mbili, tukapanda sisi na mtoto wetu wa kiume. Tulianza chini tukipanda, tulipiga misumari kwenye mgongo, na chini ya kila kichwa tuliweka kipande cha sandale. Yeye alisimama chini na mwamvuli, jua likiwaka, akatuangalia mupaka musumari wa mwisho. Mvua ya kwanza ilivuja mahali pamoja, karibu na mlango. Aliweka sufuria hapo, na kesho yake akaita fundi.